Karakana ya Pedi za Kufua Kambini: Mwongozo Kamili Kuanzia Kitambaa Hadi Soko

Vikundi vya akina mama, parokia na vyama vya vijana vya hapa Goma vinavyofundisha ushonaji kwa watu waliohama makwao vimekuwa vikiniuliza maswali yanayofanana, na karibu yote yanaeleza namna tatu za kushindwa. Mashini hufungiwa ghalani mara baada ya sherehe ya kugawa vyeti. Pedi zilizoshonwa huvuja siku ya kwanza. Au pedi ni nzuri, lakini wasichana waliopewa hawazitumii, na wanaendelea kukosa masomo kila mwezi wanapokuwa katika hedhi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya matatizo hayo matatu.

Nimechagua pedi za kufua, badala ya magauni au sare, kwa sababu wateja wake wapo kambini tayari, na kwa sababu kazi hii moja hugusa afya, shule na ufundi kwa pamoja. Fundi chipukizi anayeshona gauni hushindana na mafundi wazoefu wa soko la Virunga, ilhali anayeshona pedi hujibu haja ambayo jirani yake anayo mwezi huu.

Sharti moja litaongoza kila hatua: karakana iweze kubebeka. Kambi nyingi zilizouzunguka mji wetu zilivunjwa Februari 2025, na familia nyingi zikapewa siku chache tu za kuondoka. Kila unachonunua, kila daftari unalofungua na kila makubaliano unayoandika, jiulize kama kitaweza kuondoka pamoja na mwanafunzi.

## Vifaa vinavyohitajika kwa wanafunzi kumi na wawili

- Mashini nne za kushona za kukanyaga kwa mguu, zenye kichwa kinachong'oka kwenye meza yake. Usinunue za umeme.
- Sindano za mashini namba 90 na 100, zisizopungua thelathini, bobini ishirini, mafuta ya mashini, mikanda miwili ya akiba.
- Uzi wa poliesta. Uzi wa pamba hulegea na kuoza kwa kufuliwa mara kwa mara.
- Flaneli ya pamba, taulo za pamba, na kitenge cha pamba chenye rangi ya giza au maua mengi.
- Kitambaa laini kisichopitisha maji, kama kile cha nepi za kufua za watoto. Mfuko wa plastiki hauwezi kuchukua nafasi yake, kwa kuwa hupasuka, hupiga kelele mtu anapotembea na huchubua ngozi.
- Vifungo vya plastiki vya kubana, pamoja na koleo lake. Vifungo vya chuma hupata kutu.
- Mikasi minne ya kitambaa na miwili ya karatasi, tepu za kupimia, chaki, katoni ngumu, na vibanio vya kuanikia nguo.
- Turubai la kutandika chini, kwa sababu vumbi jeusi la mawe ya volkano huingia katika kila kiungo cha mashini.
- Masanduku mawili ya chuma yenye kufuli.
- Mabeseni, ndoo zenye mfuniko, sabuni na kamba.

## Hatua ya 1: Wasikilize wanawake kabla ya kununua kitambaa

Kaa na wanawake wanane hadi kumi kwa wakati mmoja, wasichana peke yao na akina mama peke yao, na mwendeshaji wa mazungumzo awe mwanamke. Uliza wanatumia nini sasa, wanafulia wapi, wanaanika wapi, na kama wana chupi. Swali hilo la mwisho vikundi vingi hulisahau kwa aibu, ilhali pedi yenye mabawa, yaani vipande vya pembeni vinavyofungwa chini ya chupi, haishiki mahali popote bila chupi. Ikiwa wengi hawana, chupi ziwe sehemu ya bidhaa yako tangu siku ya kwanza.

Viwango vya Sphere vya mwaka 2018, ambavyo mashirika ya misaada hutumia duniani kote, vinataja kwa kila mwanamke au msichana pedi sita za kufua kwa mwaka, chupi sita kwa mwaka, na gramu 250 za sabuni ya ziada kila mwezi. Vichukue kama kiwango cha chini unapopanga bajeti, na uvitaje kwa jina unapozungumza na wafadhili.

Prezida wa kambi na wakuu wa bloki waelezwe kazi yenyewe waziwazi, bila mafumbo. Mkutano mmoja unatosha.

Umefaulu ikiwa unaweza kuonyesha kwa kidole, mahali kwa mahali, ni wapi msichana wa bloki fulani atafua na ataanika.

## Hatua ya 2: Chagua wanafunzi, na anayestahili shule aende shule

Wanafunzi watatu kwa kila mashini ndio uwiano unaofanya kazi: mmoja anashona, mmoja anakata, mmoja anamalizia, kisha wanabadilishana. Wakiwa watano, wawili hubaki watazamaji na baada ya wiki ya tatu hawaji tena. Chagua watatu wanaoishi karibu, kwa kuwa baadaye watamiliki mashini moja kwa pamoja.

Hapa ninatoa onyo kali. Karakana isimwondoe mtoto darasani. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, na kwa mtoto aliyepoteza miaka kwa sababu ya kuhama kuna vituo vya kufidia masomo, vinavyojulikana kama CRS, ambavyo hufundisha miaka sita ya msingi kwa miaka mitatu. Msichana wa miaka kumi na miwili anayekuja kuomba mashini, kwanza fuatana naye hadi kituo hicho. Shule nyingi za hapa zina zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, hivyo kwa wakubwa wanaosoma bado panga saa za karakana kinyume na zamu yao.

Wenye watoto wanaonyonya wapewe kona ya watoto ndani ya turubai lile lile na mlezi anayelipwa kitu. Bila kona hiyo utabaki na wasichana wasio na mtoto peke yao, na mama aliye na shida kubwa zaidi atakuwa amekosa.

## Hatua ya 3: Wiki mbili za mashini, ya kwanza bila uzi

Wiki ya kwanza hakuna uzi wala kitambaa. Chora mistari juu ya karatasi, iliyonyooka kwanza, kisha ya kuzunguka, na mwanafunzi aifuate kwa sindano tupu. Miguu hujifunza kukanyaga bila kurudisha gurudumu nyuma, na makosa hayagharimu kitambaa. Sindano iliyotoboa karatasi itengwe, kwa kuwa huwa butu.

Wiki ya pili weka uzi na vipande vya nguo kuukuu. Fundisha pia kung'oa kichwa cha mashini, kukipaka mafuta, kubadilisha mkanda na kurekebisha mvutano wa uzi. Fundi asiyejua kutibu mashini yake humtegemea fundi mwingine, na siku ya kuhama fundi huyo hatakuwepo.

Hesabu zifundishwe hapa hapa, kwa tepu ya kupimia na daftari la oda. Mama ambaye hakuwahi kukaa darasani hujifunza namba haraka zaidi zikiwa zinamwambia kitambaa kimebaki kiasi gani.

Umefaulu ikiwa mwanafunzi anashona duara lenye upana wa sahani, na mstari wake hautoki nje ya chaki.

## Hatua ya 4: Fua kitambaa, kisha kata

Pamba yote ifuliwe mara mbili kwa maji ya moto na kukauka kabisa kabla ya kukatwa. Sababu ni mbili. Pamba mpya husinyaa, na pedi iliyokatwa kabla ya kufuliwa hujikunja pembeni baada ya kuvaliwa mara ya pili. Aidha, taulo mpya huwa na utelezi wa kiwandani unaozuia maji kuingia, hivyo haifyonzi vizuri mpaka ifuliwe. Nunua sentimita kumi zaidi kwa kila mita ili kufidia kusinyaa.

Chora vielelezo kwenye katoni. Kipande cha nje chenye mabawa kiwe ndani ya mstatili wa sentimita 22 kwa 27, pamoja na nafasi ya mshono ya sentimita moja kila upande. Kipande cha kufyonza kiwe sentimita 8 kwa 23. Pedi ya usiku iongezwe urefu wa sentimita tano.

Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 150, mita moja hutoa vipande 18 vya nje: sita kwa upana, safu tatu kwa urefu. Mita nyingine kama hiyo hutoa vipande 72 vya kufyonza, yaani pedi 24 zenye tabaka tatu. Mwanzoni mikono hupoteza kitambaa, kwa hiyo panga kupata pedi 16 kwa mita, si 18.

## Hatua ya 5: Unganisha kwa utaratibu huu na usiugeuze

Karibu pedi zote zinazovuja ambazo nimeletewa zilikosewa hapa, na kosa ni moja: mshonaji aliweka tabaka zote pamoja na kushona katikati ili zisiteleze. Kila tundu la sindano katika kitambaa kisichopitisha maji ni mlango. Mshono wa katikati huweka safu nzima ya milango mahali ambapo damu nyingi hutua.

Fuata mpangilio huu:

1. Panga tabaka tatu za kufyonza, taulo katikati na flaneli juu na chini, uzishone pamoja kwa mshono mpana.
2. Zishone juu ya upande wa ndani wa kipande cha flaneli kitakachogusa mwili. Mshono huu unapita kwenye pamba tu.
3. Shona kipande cha kitenge nyuma ya kitambaa kisichopitisha maji, pembeni kabisa, ndani ya nafasi ya mshono. Kitenge hiki ndicho kitakachoonekana pedi ikianikwa kambani.
4. Laza nusu hizi mbili, nyuso za nje zikitazamana, uzishike kwa vibanio vya kuanikia nguo. Usitumie pini, kwa kuwa nazo hutoboa.
5. Shona kuzunguka pembeni, ukiacha uwazi wa sentimita tano upande mmoja wa urefu. Kata vijipande vidogo kwenye mikunjo ya mabawa ili isijivute.
6. Geuza pedi kupitia uwazi ule, nyoosha kwa vidole, kisha pitisha mshono mmoja pembeni ambao pia unafunga uwazi. Mshono huu usiguse tabaka za kufyonza.
7. Weka vifungo kwenye mabawa, katika nafasi mbili, ili pedi itoshee chupi pana na nyembamba.

Ikiwa sindano inaruka mishono katika tabaka nyingi, badilisha namba 90 kwa namba 100 kabla ya kulaumu mashini. Umefaulu ikiwa pedi inalala bapa mezani na mabawa yanafunga bila kuikunja.

## Hatua ya 6: Jaribu kila pedi ya mwezi wa kwanza

Mwanamke hupoteza kwa kawaida mililita 30 hadi 80 za damu katika hedhi nzima. Mimina basi mililita 30 za maji, yaani vijiko sita vya chai, polepole katikati ya pedi. Subiri dakika tano, weka kitambaa cheupe kikavu chini yake na ubonyeze kwa kiganja. Pedi iliyostahimili kiasi hicho kwa mara moja itastahimili saa chache za matumizi.

Kitambaa cheupe kikilowa katikati, kuna tundu. Kikilowa pembeni, mshono wa mwisho ulibana kipande cha kufyonza na maji yamefuata uzi. Mshonaji aone kosa lake mwenyewe, afumue, arudie. Pedi isiyopita jaribio isiuzwe kwa bei nafuu wala kugawiwa maskini, kwa sababu msichana aliyechafuliwa mbele ya darasa haamini tena pedi ya kufua.

## Hatua ya 7: Panga mahali pa kufulia na kuanikia

Nilikosea hapa vibaya. Katika kazi yangu ya kwanza tuligawa pedi nzuri, tukafundisha kuzifua, tukaondoka. Miezi miwili baadaye wasichana walituonyesha pedi zilizofichwa chini ya magodoro, mbichi bado, zikinuka ukungu. Hakuna aliyekuwa tayari kuzianika mbele ya baba na kaka katika hema moja, na hatukuwa tumewauliza.

Jengeni, pamoja na wanawake wenyewe, ua wa kufulia karibu na vyoo vya wanawake, wenye kuta za turubai, mlango wa komeo kwa ndani, na paa la plastiki inayopitisha mwanga. Paa hilo ni la lazima hapa kwetu, kwa kuwa miezi ya mvua ni mingi na kamba iliyo wazi haikaushi kitu. Ardhi ya mawe ya volkano haichimbiki kwa urahisi, hivyo panga mapema maji machafu yatakwenda wapi: shimo dogo lililojazwa kokoto, mbali na mahali watoto wanapocheza.

Pale ambapo ua hauwezekani, msichana afunike pedi kwa kitenge chepesi kambani. Hewa na joto hupita, macho hayapiti. Ndiyo maana mgongo wa pedi tumeushona kwa kitenge.

Kufua kwenyewe ni hivi. Maji baridi hutangulia daima, kwa kuwa maji ya moto hugandisha damu ndani ya nyuzi. Kisha sabuni, kusugua, na kusuuza mpaka maji yatoke meupe. Suuzo la mwisho liwe la maji yaliyotibiwa, kwa sababu kipindupindu hakijaisha mjini kwetu na maji mabichi ya ziwa hayafai. Klorini kidogo iliyomo katika maji ya kunywa haidhuru kitambaa, lakini dawa ya kung'arisha nguo isiguse pedi kamwe. Pedi ikauke kabisa kabla ya kuvaliwa au kutunzwa, na isiazimwe hata kati ya ndugu.

Pima maji yenyewe. Sphere inataja angalau lita 15 kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote. Familia inayopata bidoni moja ya lita 20 kwa siku kwa watu sita haina maji ya kufua pedi, na kwa familia hiyo ni haki kutoa pedi za kutupa mpaka maji yapatikane. Kukubali hivyo si kushindwa kwa karakana.

## Hatua ya 8: Saa moja ya muuguzi kila wiki

Omba kituo cha afya cha eneo lako kitume muuguzi au reko (mhudumu wa afya wa jamii) wa kike kwa saa moja kila wiki, na umpe mambo machache ya kufundisha: mzunguko wa hedhi, kubadilisha pedi kila saa nne hadi sita, kunawa mikono kabla na baada, na dalili za kumpeleka mtu kituoni. Dalili hizo ni damu inayojaza pedi kila saa, hedhi inayozidi siku saba, maumivu yanayomzuia mtu kusimama, mwasho au harufu mbaya, na hedhi iliyokosekana.

Wanawake wanapokaa pamoja wakishona, mambo mazito huzungumzwa. Mwanafunzi akisema amebakwa, mwalimu wa ushonaji asimhoji, asiandike jina lake, asimwambie mwingine bila idhini yake. Kazi ya mwalimu ni kumweleza kwamba dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, kwamba dawa za kuzuia mimba zinaweza kutolewa ndani ya siku tano, na kufuatana naye akitaka. Hata saa hizo zikiwa zimepita, matibabu mengine yapo. Hospitali ya HEAL Africa hapa Goma na ile ya Panzi huko Bukavu zinajulikana kwa huduma hii. Ujue mapema ni mlango gani wa kituo cha karibu unaopokea wagonjwa hawa, usiku pia.

## Hatua ya 9: Fikisha pedi shuleni

Zungumza na direkta na mwalimu mmoja wa kike. Shule iwe na sanduku la pedi za dharura, chupi na sabuni, mikononi mwa mwalimu huyo, na choo cha wasichana kinachofungwa kwa ndani. Wavulana nao wafundishwe, katika kipindi chao, kwamba hedhi si ugonjwa wala laana. Kejeli zao humfukuza msichana darasani hata akiwa na pedi nzuri.

Angalia daftari la mahudhurio la muhula uliopita kabla ya kugawa, kisha angalia tena baada ya miezi mitatu. Kama siku za kukosa hazikupungua, rudi Hatua ya 7 kabla ya kushona pedi nyingine.

## Hatua ya 10: Bei, mashini na cheti

Bei ihesabiwe na wanafunzi wenyewe: kitambaa, uzi, vifungo, sabuni ya kufulia kitambaa, usafiri, na ujira wa saa za kazi, kisha kiasi kidogo cha kutunza mashini. Usimwachie mfadhili anunue pedi zote. Angalau theluthi moja iuzwe mmoja mmoja kambini na sokoni tangu mwezi wa tatu, hata kwa malipo ya vipande vipande kupitia kikundi cha akiba, kwa kuwa mteja anayetoa fedha zake husema ukweli kuhusu mshono. Tangu benki za mjini zilipofunga milango Januari 2025, fedha nyingi hupita kwenye simu. Laini ya kikundi iwe na watu wawili wanaojua hali ya akaunti.

Mashini isibaki mali ya shirika. Tangu wiki ya kwanza watatu waliochaguliwa pamoja watie sahihi makubaliano mafupi: mashini ni yao baada ya wiki kumi za mahudhurio; ikiwa mmoja ataondoka, hulipwa fungu lake kutokana na mauzo; wakitawanyika wote, anayebeba kichwa ni yule waliyemtaja kwa maandishi. Nakala ikae kwa kila mmoja, ndani ya plastiki, pamoja na vielelezo vya katoni vilivyokunjwa.

Kuhusu cheti, nenda INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi, kabla ya mafunzo kuanza, uulize ni ujuzi gani wanapima katika ushonaji, uuingize katika ratiba. Pedi peke yake haitoshi kwa mtihani wa ufundi, hivyo tenga wiki mbili za mwisho kwa sketi na shati. Mwanafunzi apewe pia daftari lake lenye sampuli ya kila mshono aliyoishona mwenyewe, kwani karatasi hupotea njiani, na mwajiri wa mji mwingine ataamini sampuli.

Mwezi wa sita, fungua daftari la matumizi la kila kikundi cha watatu. Tafuta mstari unaoonyesha sindano au uzi ulionunuliwa kwa fedha zao, bila kukuuliza. Vikundi vyenye mstari huo unaweza kuviacha na kwenda kufungua karakana nyingine.